Okidi inaoza, nimwagie nini? Majibu ya barua zenu

Masika haya yamenijazia barua mpaka mhariri kaniuliza kuna nini huko kwenye maua, na ukizisoma zote ni swali moja tu limebadilisha kanga, okidi inaoza nitie dawa gani. Kabla hatujaanza nseme tu, mimi sio daktari wa mimea, mimi ni mtu mzima mwenye uani mdogo na okidi kama arubaini hivi, nyengine za zamani nyengine za juzi, na nilizoziua kwa mikono yangu mwenyewe ni nyingi kuliko hizo zilizobakia. Kwaiyo mengi ninayokwambieni nimeyajua kwa hasara.

Asalam aleykum bibi. Mume wangu kaniletea okidi nyeupe kutoka Dar, imekuja na boti, nzuri mashaallah, maua yakadumu kama miezi miwili hivi. Sasa majani yamelegea yana mikunjo, nkajua ina kiu nkaizidishia maji, asubuhi na jioni, na ndo kwanza inazidi. Mama mkwe anasema ni hasadi. Nifanyeje? – Bi harusi wa Kikwajuni

Waaleykum salaam mwanangu. Hasadi ipo lakini hapa haimo, mwambie mama mkwe astarehe. Haya ni maji tu. Tena kosa hilo tunalifanya wote, maana okidi yenye kiu na okidi iliyooza mizizi zinafanana sura, zote majani yanalegea, mizizi ikishaoza haiwezi kunywa tena kwaiyo mmea unakufa kiu na huku umesimama ndani ya maji, na wewe ukiuona vile unauonea huruma unaongeza mengine, na ile mizizi kidogo iliyokuwa inajikongoja nayo inaoza. Usitazame majani, tazama mizizi.

Itoe kwenye poti leo hii. Usiogope, haivunjiki kirahisi hivo. Hizi zinazokuja kutoka Dar nyingi ni okidi aina ya falenopsisi na huwa zimeshindiliwa kwenye yale majani majani laini kama sponji, yanashika maji wiki nzima, na ukichokora katikati utakuta na kidonge chengine kidogo ambacho mmea ulikulia ulipokuwa mchanga, hicho ndo kinakaa majimaji zaidi kuliko pote. Toa vyote. Ioshe mizizi halafu uibonyeze mmoja mmoja kwa vidole. Mzizi mzima ni mgumu, ukiwa mkavu una rangi ya fedha hivi na ukirowa unageuka kijani. Uliooza ni wa kahawia, unabonyea, na ukiuvuta ganda lote linavuka kama soksi unabakia uzi mwembamba. Huo kata. Lakini mkasi kwanza uchome kwenye moto wa jiko la gesi uache upoe, sio unatoka kukatia mapezi ya samaki unaingia nao kwenye okidi.

Ukimaliza iache nje ya poti siku nzima, kivulini, penye upepo, vile vidonda vikauke. Na kama bado kuna kikonyo cha maua kimesimama kikate nacho, najua inauma, lakini mgonjwa humtwishi mtungi. Halafu tafuta poti ndogo, ndogo kweli, mizizi iliyobakia itoshe tu, yenye matundu chini na ikiwezekana na ubavuni, na ndani usitie udongo, kwao huyu anaota juu ya miti hajui udongo. Tia vipande vya makumbi ya nazi ukubwa wa tende, changanya na makaa yaliyovunjwa na vigae (makumbi yana maneno yake, nimemjibu mtu wa Nungwi huko chini). Siku tatu nne usimwagilie kabisa. Mbolea hapana mpaka uone ncha mpya ya mzizi inachomoza kijani kibichi, hapo ndo amekubali kuishi. Baada ya hapo kumwagilia ni asubuhi, maji yapite yote yatoke chini, sahani ya chini imwagwe, na usirudie mpaka mizizi imegeuka tena rangi ya fedha. Masika kama haya yanaweza kupita hata siku kumi, kaskazi jua kali siku tatu tu unarudia. Mtu akikwambia mwagilia Jumatatu na Alhamisi basi huyo anazungumzia funga ya sunna.

Alafu kuna pale katikati majani yanapochomozea, mimi napaita moyo. Huko msituni kwao Asia falenopsisi inaning'inia ubavuni mwa mti imeinama, mvua ikinyesha maji yanateleza yanakwenda zake. Sisi tunaisimamisha wima mezani kama askari, maji yakiingia pale juu yanakaa kama kwenye kikombe, na joto letu hili, siku mbili moyo umeoza. Ukimwagilia maji yakaingia, yanyonye na tishu. Ukiona jani la juu kabisa linachomoka lenyewe na chini lina weusi basi umeshaanza kuoza, nenda duka la dawa nunua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, tia kidogo palepale, itatoa povu, futa, rudia mpaka povu liishe halafu upakaushe vizuri. Moyo ukifa wote mmea huu haurefuki tena maana una ncha moja tu ya kukulia, ila mara nyengine unatoa kitoto ubavuni, usiutupe haraka.

Na kama una mwembe uani au hata mnazi, mimi ningeifunga huko na kamba laini, imeinama, mizizi nje. Zangu tatu nimezifunga hivo na tangu hapo uozo wa moyo nausoma kwenye barua zenu tu. Nyumba zetu hasa za mjini kuta nene za mawe na chokaa, ndani hewa imelala, sebuleni panapendeza kwa wageni lakini okidi inataka upepo kwanza, sifa baadae.

Bi mkubwa, nna okidi kumi zote nimezitia bafuni sababu niliambiwa zinapenda unyevu. Jana usiku jani moja lilikuwa na doa dogo la majimaji kama limeunguzwa na chai ya moto, leo asubuhi nusu ya jani imekuwa uji na linanuka. Nimepuliza dawa ya ukungu mara mbili. Niongeze kipimo? – Kaka wa Fuoni

Usiongeze kaka, weka gazeti chini ukate hilo jani kwanza, ndo urudi umalizie kusoma.

Umerudi? Haya. Doa la majimaji, linakwenda mbio kwa masaa, linanuka, huo sio ukungu ni bakteria, ni jamaa za wale wanaogeuza viazi uji ndani ya gunia. Dawa ya mankozebu uliyopuliza inapambana na ukungu, bakteria haiwashughulishi hata kidogo, umewaogesha tu na kuwatawanya. Hapa ni kisu. Unakata vidole viwili ndani ya sehemu inayoonekana bado nzima, sio kwenye mpaka wa doa, na kila ukikata mara moja unachoma kisu tena kabla ya kukata mara ya pili. Kama uozo umekaribia shina toa jani zima. Kama umefika kwenye moyo, funga mmea ndani ya mfuko utupe, usiuache uani eti pengine utapona, utaambukiza hizo tisa.

Na hizo tisa zitoe bafuni leo. Bafuni kuna unyevu kweli lakini hakuna upepo hakuna mwanga, na kila mtu akioga maji yanaruka kutoka jani hili kwenda jani lile, na haya maradhi yanasafiri kwa tone la maji. Zitenganishe zisigusane, majani yasiguswe na maji wiki nzima, washa feni ya pole pole umeme ukiwepo. Unyevu na hewa inayotembea ni neema, ukikosekana upepo hapo ndo maradhi yanapata nyumba.

Ili mara nyengine usikosee dawa: weusi ukianzia chini kwenye mizizi au shina unapanda juu, jani linakuwa jeusi tii kama limepakwa wino, huyo ni adui mwengine, vijidudu mfano wa ukungu, wataalamu wanawaita Pythium na Phytophthora, hawa mankozebu peke yake haiwatoshi, tafuta yenye metalaksili ndani na ukate vilevile. Madoa ya mviringo makavu yana duara la manjano na yanakwenda taratibu wiki kwa wiki, hapo ndo mara nyingi ukungu wa kawaida na hio dawa yako ina kazi. Kipimo ni kilichoandikwa kwenye pakti, vaa glavu, na jagi la kuchanganyia lisirudi jikoni.

Mwezi uliopita ulimwambia mtu apulize dawa ya mrututu kwa madoa ya bakteria. Nami nikapuliza kwenye dendrobiamu zangu nne, majani yamepukutika na machipukizi yameungua. Nani atanilipa? – Msomaji aliyekasirika, Mombasa (ya Unguja sio ya Kenya)

Kulipa sina, lakini haki yako naikiri hapahapa mbele za watu. Yule niliyemjibu alikuwa na falenopsisi isiyokuwa na maua, na mimi nikaandika kama vile okidi zote ni moja. Dendrobiamu haivumilii shaba, na mrututu ni shaba, ningetakiwa kusema na sikusema. Vilevile okidi yoyote iliyokuwa na maua isipulizwe dawa za shaba, maua yanaungua.

Ila na mimi nikuulize, ulinunua dawa ya shaba iliyotengenezwa kwa mimea, au ulichukua yale mawe ya buluu ukayayeyusha mwenyewe? Maana mrututu mtupu unaunguza jani lolote, hata wakulima wa zabibu wa Ufaransa kule Bordeaux walioanza kuutumia karne ya 19 walikuwa wanauchanganya na chokaa ili upoe makali.

Sasa usizitupe. Zioshe kwa maji mengi, asubuhi, zikauke, ziweke kivuli chepesi na usizipe mbolea. Dendrobiamu ina yale mashina manene kama vimiwa vidogo, ndani yake kaweka akiba ya maji na chakula, ikibaki bila majani bado iko hai madhali mashina ni kijani na magumu. Subiri machipukizi kutoka chini. Nami radhi.

Mimi ni muuza viungo Kizimbani. Nlisoma mdalasini unatibu uozo wa okidi, na mdalasini kwangu sio tatizo, kila wiki naimwagia mizizi yote unga wake. Mbona inazidi kusinyaa? – Mtu wa viungo

Umeikausha bwana. Mdalasini unasaidia kweli, unazuia ukungu na unakausha kidonda, sasa hicho unachokausha kiwe kidonda. Jani lililokatwa, shina lililokatwa, ncha ya mzizi ulioukata, upake kidogo pale tu kwa kidole au brashi, mara moja. Mzizi mzima ukiupaka unga ule unanyonya maji yake unakauka, na wewe umeupaka kila wiki! Suuza wote utoke. Huo uliobakia tutie kwenye pilau.

Asalam aleykum. Niko Pemba huku Konde, okidi za maua sina ila nimesikia lavani nayo ni okidi, basi na mimi nijibiwe. Nna mashina ya lavani yamepanda kwenye mibono, mvua hizi shina linakuwa jeusi chini kwenye ardhi na mizizi imekufa, juu bado kijani. Mzee mmoja kasema nirundike samadi. – Mkulima, Konde

Waaleykum salaam, karibu sana, na umesikia sawa, lavani ni okidi hasa, asili yake Meksiko. Na barua yako nimeifurahia kuliko zote maana wengine tunalilia maua ya mezani na wewe unalilia kipato.

Samadi acha. Hio inaelekea ni fuzari, ukungu wa kwenye udongo unaoingia kwenye mizizi ya lavani, ndo adui yake mkubwa duniani kote inapolimwa, na shina lililokwisha kuingiliwa hakuna dawa ya kulitibu. Kinachowezekana ni kuokoa hicho cha juu. Kata panapoonekana pazima, vidole vinne juu ya weusi, kisu kimechomwa, na ukitazama kwenye kidonda ndani pawe kijani safi, ukiona rangi ya kahawia panda juu zaidi ukate tena. Kipande cha kama mita moja kitundike kivulini wiki nzima kidonda kifunge, usikimbilie kukizika kikiwa kibichi, halafu ukipande pengine. Sio shimo lile lile, huu ukungu unakaa kwenye udongo miaka, ukirudisha mche mpya pale pale umeupelekea chakula.

Huko unakopanda inua kituta, maji ya mvua yasisimame. Mizizi ya lavani haiendi chini, inatambaa juu juu kwenye majani yaliyooza, kwaiyo tandaza majani makavu yaliyokwisha kuvunda kidogo, samadi mbichi inaunguza na inashika maji. Mibono ikifunga sana ipunguze matawi, nusu jua nusu kivuli, upepo upite. Na jengine watu wanalisahau, lavani iliyochoka inashikwa upesi. Unajua huku kwetu mdudu wa kuipandisha, yaani kuyachavusha maua yake, hakuna, ni mkono na njiti, ile njia aliyoigundua Edmond Albius, kijana mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion mwaka 1841, na mpaka leo dunia inamfata yeye. Sasa kwa vile kazi ni mkono wako una uwezo wa kujizuia, usipandishe kila ua lililofunguka, shina dhaifu likibebeshwa maganda mengi ya lavani mwaka huu, masika yajayo ndo hilo litakaloanza kuwa jeusi.

Nimechukua makumbi pwani kwa kina mama wanaosokota kamba za usumba, nikapandia okidi. Ncha za majani zimekuwa kahawia kavu na mizizi imekauka ncha. Ni maradhi gani? – Nungwi

Chumvi. Makumbi yale yamefukiwa pwani miezi yanapigwa na maji ya bahari, kwa kamba ni sawasawa kabisa, kwa okidi ni sumu. Chukua makumbi ya nazi za jikoni kwako, yakate, yaroweke maji baridi ya mvua siku tatu kila siku unabadilisha, yale maji ya kahawia yakianza kuwa meupe yatumie. Na maji ya kisima chako uyaonje pia, kama yana ukakasi wa chumvi basi kinga ya mvua uweke kwenye pipa, saivi yapo ya bure.

Nna okidi ya kateleya ya marehemu mama yangu, amekaa nayo miaka. Majani mapya yanatoka na michirizi ya manjano, ya zamani yana madoa meusi yaliyobonyea, na ua lenyewe siku hizi linatoka na mabaka. Imekuwa kubwa, nataka niigawe nusu nimpe dada yangu naye awe na kumbukumbu. Nipake dawa gani kabla? – Mji Mkongwe

Barua hii nimekaa nayo siku mbili, kwanza Mungu amrehemu mama.

Kwanza hakikisha sio jua. Jani lililoungua na jua linakuwa na baka moja upande wa juu ulioelekea dirishani, linakauka, na linabaki hapohapo halizidi. Lakini wewe unasema majani mapya yanatoka nayo tangu utotoni, na ua lina mabaka, hapo moyo wangu unaniambia ni virusi. Vipo viwili vinavyosumbua sana okidi, kimoja kinaitwa Cymbidium mosaic na kimoja Odontoglossum ringspot, na hivi hakuna dawa, sio ya dukani sio ya kienyeji, wala peroksaidi wala mdalasini, usipoteze pesa yako. Huko nje kuna vijipimo vidogo kama vile vya mimba, unaponda kipande cha jani unachovya unasubiri mistari, kama una mtu anakuja safari akuletee ujue kwa uhakika.

Usiigawe. Nakuomba. Virusi hivi vinatembea kwa utomvu kwenye kisu na mikono, nusu utakayompa dada yako ni mgonjwa vilevile, na akiiweka karibu na nyengine zake akakatia mkasi mmoja zote zimekwisha. Watu wengi watakwambia uichome moto na kwa mtu mwenye okidi nyingi nami ningemwambia hivo hivo. Ila kama ni hio peke yake nyumbani na ni ya mama, mimi siwezi kukwambia uichome. Iweke pembeni peke yake, iwe na mkasi wake na sahani yake, maji yaliyotoka kwenye poti yake yasimwagwe kwengine, vidung'ata na sisimizi wafutwe na spiriti wakionekana, na wewe ukishaigusa unaosha mikono kwa sabuni. Inaweza kuishi miaka mingi bado na kutoa maua, mabaka na yote. Dada yako aje alione likichanua kwako, na mche mpya msafi mnunulie mwengine. Na ule mkasi ambao umekuwa ukiukatia siku zote, spiriti haitoshi kwa virusi hivi, uchome motoni mpaka uwe mwekundu kabla haujagusa mmea mwengine wowote.